Rosalind Franklin: kutoka makaa ya mawe mupaka ADN

Siku hizi, watu wakianza kubishana mu familia juu ya baba ya mutoto, hakukosekane mwenye kusema: muende mupime ADN. Tribinali zinaiomba, wanganga wanaiomba. Na wakati Ebola inatokea, wataalamu wa INRB kule Kinshasa wanasoma ARN, ndugu ya ADN, yenye iko ndani ya ile virusi, kusudi wajue inatoka wapi. Neno limeingia mu kinywa ya kila mutu. Lakini ukiuliza nani alionyesha sura ya ADN, sisi wenye tulipita ku sekondari tutajibu: Watson na Crick. Njo vile tulifundishwa, na kitabu hakikuongeza jina lingine.

Jina lingine liko. Ni la mwanamuke wa London, Rosalind Franklin, mwenye alikufa mwaka 1958 akiwa na miaka 37 tu. Tunamuleta leo mu ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, alianza kazi yake juu ya makaa ya mawe, ni kusema ni mutu wa karibu na sisi wa migodi. Pili, maisha yake yanaonyesha namna kazi ya mutu inaweza kutembea kutoka mukono hadi mukono, mupaka inafika ku meza ya watu wengine, na jina lake linabakia ku mulango. Sisi wa sendika ile njia tunaijua vizuri.

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 7, 1920, mu jamaa ya Wayahudi wenye pesa. Tuseme wazi, hakukuwa mutoto wa mutumikaji: baba yake, Ellis Franklin, alikuwa mutu wa banki. Lakini ule baba alikuwa anaenda mangaribi kufundisha ku Working Men's College, shule ya watumikaji wenye wanatoka kazini na bado wanataka kujua kitu. Aliwafundisha mambo ya umeme na sumaku, na historia ya vita ya 1914. Wakati Hitler alianza kutesa Wayahudi wa Ujerumani, wazazi wa Rosalind walisaidia wakimbizi, na wakapokea watoto wawili mu nyumba yao. Mutoto mwanamuke alikomalia mu mazungumzo ya namna ile. Alijua kubishana, na alikuwa anabishana mupaka mwisho. Hiyo tabia ilimusaidia mu kazi, na ikamuletea maadui pia.

Mwaka 1938 aliingia Cambridge, ku Newnham, koleji ya wanawake. Alimaliza 1941. Hapa kuko jambo lenye litashangaza vijana: ku Cambridge, mupaka mwaka 1948, mwanamuke alifanya mitihani ileile ya wanaume, akapita, lakini iniversite haikumuhesabu kuwa mwanamemba wake kamili. Alipewa diploma ya jina tu. Alisoma kama wengine, alipita kama wengine, na karatasi yake ilikuwa nusu.

Vita ilikuwa inawaka, na kila mutaalamu alipashwa kutumika kwa ajili ya inchi. Mu 1942 aliingia ku shirika la uchunguzi wa makaa ya mawe la Uingereza, BCURA, ku Kingston, karibu na muto Thames. Alikuwa na miaka 22. Muchana alikuwa mu laboratwari, na usiku alijitolea kuwa mulinzi wakati ndege za Wajerumani zinakuja kutupa mabomu.

Makaa ya mawe, sisi tunayaona kuwa jiwe jeusi lenye linawaka, basi. Hata wale wenye walitumika Luena wangesema hivyo. Yeye alionyesha kama lile jiwe liko kama sponji: ndani yake kumejaa matundu madogo, madogo kupita kila kitu chenye jicho linaweza kuona. Alijuaje? Alichukua gazi na maji ya namna mbalimbali, akapima nini inaingia na nini inabakia inje. Heliamu, gazi yenye chembe zake ni ndogo kabisa, inaingia fasi yote. Kitu chenye molekuli zake ni kubwa kinashindwa kupita ku mulango. Vile njo alipima ukubwa wa milango bila kuiona. Akaona tena kama ukichoma makaa, ile milango inajifunga, na kwamba makaa ya namna moja na makaa ya namna ingine hayafanane hata kidogo. Mambo hayo yalikuwa na maana mu wakati wa vita: makala yenye matundu njo ilikuwa inawekwa mu maski ya gazi kusudi ikamate sumu na kuacha hewa ipite. Kutoka ile kazi alipata udokta wake mu 1945, na akatosha maandishi matano juu ya makaa. Hakukuwa bado na miaka 27.

Vita ilipoisha, rafiki yake mumoja Mufaransa, Adrienne Weill, alimusaidia kupata kazi ku Paris. Alifika kule mwanzoni mwa 1947, mu laboratwari ya serikali ya Ufaransa, pembeni ya muto Seine. Shefu wake aliitwa Jacques Mering. Watu wote wenye waliandika juu ya maisha yake wanakubaliana: miaka ile ya Paris ilikuwa mizuri kuliko yote. Alisema Kifaransa vizuri, alienda soko, alipanda milima wakati wa likizo, na saa ya kula alikaa na wenzake wakibishana juu ya siasa na sayansi, wanaume na wanawake pamoja, bila mutu kumuuliza anafanya nini pale.

Mering njo alimufundisha mashini yenye itakuja kuwa jembe lake: mionzi ya X. Wengi wetu tumepigwa radio ku hospitali, ya kifua ao ya mufupa. Mionzi inapita mu mwili, mufupa unaizuia, kivuli kinabakia ku filme. Yeye alikuwa anatumia ile mionzi kwa njia ingine. Ukiipitisha ndani ya kitu chenye chembe zake zimepangwa, ile mionzi inapinda na kutawanyika, na ku filme hakutokee sura ya kitu, kunatokea madoa. Kuko mupango mu yale madoa. Mwenye anajua hesabu anaweza kuanzia ku doa, akarudi nyuma mupaka ku chembe zenye zililifanya. Ni kazi ya uvumilivu. Unapiga foto, unapima doa kwa doa, unafanya hesabu, unaanza tena.

Ku Paris alipima kaboni kwa ile mionzi. Akagundua kama kaboni ziko za aina mbili: zenye ukizichoma kwa moto mukali zinageuka grafiti laini, na zenye hata ufanye nini zinabakia ngumu, hazigeuke. Maandishi yake ya 1951 juu ya jambo hilo yanasomwa mupaka leo na wenye wanatengeneza batri. Wandugu wa Kolwezi wasikie vizuri. Batri ya simu na ya gari, upande mumoja kuko kobalti, ile yenye inatoka chini ya miguu yetu. Upande mwingine kuko grafiti ao kaboni ngumu, na mwenye anazipanga anatumia bado njia ya yule mwanamuke. Hata kama hangegusa ADN maisha yake yote, jina lake lingebakia.

Sasa tunafika ku ADN. Ni uzi mwembamba sana wenye uko ndani ya chembe za mwili wa mutu, wa mbuzi, wa muhogo, na ndani yake kumeandikwa mupango wa kila kitu chenye kiko na uzima. Mwaka 1950 wataalamu walishajua kama ule uzi njo unabeba urithi. Chenye hawakujua ni umbo lake. Na bila umbo, hauwezi kueleza namna gani mupango wa baba na mama unajiandika upya mu mutoto.

Mwezi wa 1, 1951, Rosalind alirudi London, ku King's College, mu laboratwari ya John Randall. Na pale palepale, mu karatasi ya kazi, kosa lilifanyika, na lilikuwa la shefu. Randall alimuandikia barua kama kazi ya mionzi ya X juu ya ADN itakuwa ya yeye na mwanafunzi mumoja, Raymond Gosling. Lakini ku ileile laboratwari kulikuwa Maurice Wilkins, mwenye alikuwa ameshaanza ile kazi, na Randall hakumuambia kitu. Wilkins alirudi kutoka likizo akifikiri amepata musaidizi. Rosalind alijua amekuja kusimamia kazi yake mwenyewe. Kila mumoja alikuwa na haki kufuatana na yenye aliambiwa. Tumeona watu wawili wazuri wakigombana mwaka muzima mu atelye moja juu ya karatasi mbili zenye zinapingana, na mwenye aliziandika amekaa ku ofisi yake, amenyamaza. Wilkins alikuwa mupole na wa aibu, hakupenda mabishano. Rosalind aliyapenda. Hawakusikilizana hata siku moja. Ongeza na hii: ku King's kulikuwa chumba cha kupumuzikia cha wanaume tu, fasi yenye wakubwa walizungumuzia kazi kisha kula. Mwenye anatoka Paris aliona kama amerudi nyuma.

Alifunga mulango, akatumika. Nyuzi za ADN zilitoka kwa Rudolf Signer, Muswisi wa Bern, nazo zilikuwa safi kuliko zote. Kazi ya kwanza kubwa yenye Rosalind alifanya ilikuwa ya maji. Aliona kama uzi ukiwekwa mu hewa yenye unyevu karibu 75 kwa mia, unakuwa na umbo moja, fupi na la kukauka, akaliita A. Ukipandisha unyevu kupita 90, uzi unanyonya maji, unarefuka, na foto inabadilika kabisa, akaliita B. Wenye walitangulia walikuwa wanapiga foto ya vyote viwili vikichangana, njo maana hawakuelewa kitu. Yeye alitenganisha. Tunaona kuwa hapa njo mulango wenyewe ulifunguliwa, kupita ku ile foto yenye watu wanasema juu yake kila siku.

Foto yenyewe ilipigwa mwezi wa 5, 1952. Gosling njo alikuwa ku mashini, chini ya uongozi wake. Walirekebisha unyevu, wakaacha mionzi ipite mu uzi mumoja kwa masaa 62. Ilipotoka, waliiandika namba 51. Katikati kuko musalaba mweusi, kama herufi X yenye imefanywa na madoa. Kwa mwenye anajua kusoma, ule musalaba unasema: kitu hiki kimejisokota kama resori. Na kutoka ku nafasi za madoa unaweza kupima. Muzunguko mumoja wa ile resori ni nanometa 3,4, ni kusema sehemu 3,4 za milimita moja yenye umeigawa mara milioni.

Sasa, sababu gani hakukimbia na ile foto kutangaza ushindi? Aliiweka kando. Umbo A lilikuwa linatoa madoa mengi zaidi na safi zaidi, na yeye alitaka kufika ku jibu kwa njia ya hesabu, bila kukisia. Kwa muda fulani alikuwa hata na mashaka kama A imejisokota. Mu mwezi wa 7, 1952, yeye na Gosling waliandika karatasi ndogo ya muchezo ya kutangaza matanga ya ile resori. Wenye wanamupenda sana hawapendi kutaja hilo. Sisi tunalitaja, juu bila hilo mutu hawezi kuelewa namna alipitwa.

Ku Cambridge kulikuwa vijana wawili, James Watson, Mumarekani, na Francis Crick, Mwingereza. Hawakupiga foto ya ADN. Njia yao ilikuwa kujenga mifano kwa vyuma na waya, na kuangalia kama inasimama. Mwisho wa 1951 walijenga ya kwanza, ya nyuzi tatu, wakaita wenzao wa King's waje kuona. Rosalind aliangalia, akawaonyesha papo hapo kama walikosea hesabu ya maji, na kama fosfati zinapashwa kuwa inje, hapana ndani. Ilikuwa haya kubwa. Shefu wao aliwakataza kuendelea na ADN.

Kisha mambo yakabadilika. Mwanzo wa 1953, Rosalind alikuwa anajitayarisha kuacha King's, na Gosling alikuwa anarudi chini ya Wilkins. Foto namba 51 ilifika mu mikono ya Wilkins kwa njia ya kawaida ya ofisi. Tarehe 30 mwezi wa 1, Watson alikuja King's, na Wilkins akamuonyesha. Mwenyewe hakuulizwa. Siku chache mbele, karatasi ya pili ikatembea. Medical Research Council, shirika la serikali lenye lilikuwa linalipia laboratwari ya King's na ile ya Cambridge, lilikuwa limepata ripoti ya kazi ya King's, na ndani yake kulikuwa vipimo vya Rosalind vyenyewe, namba kwa namba. Max Perutz wa Cambridge alikuwa mwanamemba wa kamati. Akamupatia Crick ile ripoti. Mu 1969 Perutz alieleza kama haikukuwa ya siri. Ni kweli, haikukuwa ya siri. Lakini ripoti yenye unaandikia mwenye anakulipa, kusudi ajue umefanya nini na pesa, na ripoti yenye unamupatia mwenye munashindana naye, ni vitu viwili. Crick aliposoma aina ya mupangilio wenye Rosalind alikuwa ameandika, akaelewa mara moja jambo lenye yeye Rosalind hakukuwa ameona bado: nyuzi ni mbili, na moja inapanda wakati ingine inashuka.

Tupatie kila mutu haki yake. Kupatanisha herufi za ADN, A na T, G na C, kama vipande vya ngazi, hiyo ni kazi ya Watson na Crick, na ni ya akili kubwa. Njo yenye inaeleza namna ADN inajiandika upya. Rosalind hakukuwa amefika pale. Lakini alikuwa karibu. Mu kitabu chake cha kazi, tarehe 24 mwezi wa 2, 1953, alikuwa ameshakubali kama A na B zote ni resori za nyuzi mbili. Tarehe 17 mwezi wa 3 alikuwa amemaliza kuandika maandishi yake juu ya umbo B, mbele ya kujua kama Cambridge walishajenga mufano. Tarehe na daftari njo zilimutetea kisha kufa kwake. Wandugu madelege, muandike kila kitu na muweke tarehe!

Tarehe 25 mwezi wa 4, 1953, gazeti Nature lilitosha maandishi matatu pamoja. La kwanza la Watson na Crick. La pili la Wilkins na wenzake. La tatu la Franklin na Gosling, lenye liliongezewa maneno ya kusema kama linapatana na mufano. Yaani kazi yenye ilitangulia ilionekana kama imekuja kushuhudia tu. Watson na Crick walitaja kama wamesaidiwa kwa ujumla na matokeo ya King's yenye hayakukuwa yametoka bado. Hawakusema foto, hawakusema ripoti.

Mwaka 2023 wanahistoria wawili, Matthew Cobb na Nathaniel Comfort, walirudilia barua na karatasi za wakati ule. Wanaona kama haifai kumuonyesha Rosalind kuwa mutu wa kuibiwa tu, mwenye hakuelewa mali yake. Wanamuweka kuwa mumoja kati ya wanne wenye walitumika sawasawa juu ya lile fumbo. Tunakubaliana nao. Kumulilia siku zote ni kumupunguza pia.

Yeye hakuenda magazetini kulalamika. Mwezi wa 3 alikuwa ameshahamia Birkbeck, koleji ingine ya London, yenye ilianza mu 1823 kuwa shule ya mafundi na watumikaji, na yenye inafundisha mangaribi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ofisi yake juu kabisa, mashini za mionzi kule chini. Shefu, J. D. Bernal, alikuwa Mukomunisti mwenye kujulikana dunia muzima, na hakuangalia kama mutu ni mwanaume ao mwanamuke, aliangalia kazi. Randall alimuandikia aache kabisa kazi ya ADN, hata kuifikiria aache. Rosalind alimaliza na Gosling yenye ilibakia, na maandishi yao juu ya nyuzi mbili za umbo A yalitoka mu Nature tarehe 25 mwezi wa 7, siku yenye alitimiza miaka 33.

Ku Birkbeck alichagua virusi ya tumbako, ile yenye inatia majani mabaka. Wakulima wetu wanajua mozaike ya muhogo. Ni virusi ingine, lakini hasira ni ileile. Aaron Klug, mwenye alikomalia Afrika ya Kusini, alijiunga naye, na vijana wengine wawili, Kenneth Holmes na John Finch. Kwa ile mionzi ya X alionyesha kama hiyo virusi iko kama bomba, iko wazi katikati, na ARN yake imejisokota ndani ya ukuta wa protini, haikukaa mu tundu la katikati. Mbele yake, hakuna mwenye alijua mbegu ya virusi inakaa fasi gani ndani ya nyumba yake.

Miaka ile alipigana sana juu ya pesa ya watumikaji wake. Shirika la kilimo lenye lilimulipa halikupenda kuongeza, naye hakuacha kuandika barua. Mwisho alipata pesa ya miaka mitatu kutoka Marekani, na kikundi kikaendelea.

Mu 1956, akiwa safarini Marekani, aliona tumbo linavimba. Aliporudi London, wanganga walimupasua: kansere ya ovari. Wamoja wanauliza kama ni mionzi yenye ilimuua. Sisi wa inchi ya Shinkolobwe hatuwezi kukosa kuuliza, na ni kweli kama wataalamu wa wakati ule walijikinga kidogo tu. Lakini hakuna mwenye alithibitisha. Na tunajua leo kama kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya kuko mara nyingi kuliko kwa wengine urithi fulani wenye unaleta ile kansere. Inawezekana jibu lilikuwa limeandikwa ku uzi uleule wenye alitumia miaka miwili kuupima.

Hakuacha kazi. Mwaka ule wa kupasuliwa maandishi saba yalitoka, mwaka wenye ulifuata sita. Alipokuwa mugonjwa alienda kupumuzika Cambridge, ku nyumba ya Crick na bibi yake, juu walikuwa wamekuwa marafiki. Mu 1957 alianza virusi ya polio, yenye wengine waliogopa kuleta mu laboratwari. Alikufa London tarehe 16 mwezi wa 4, 1958. Mu karatasi ya kifo waliandika mutaalamu wa uchunguzi, hakuolewa, binti wa mutu wa banki.

Kesho yake, tarehe 17, Maonyesho ya Dunia ya Brussels yakafunguliwa, yale ya Atomium. Mu jumba la sayansi kulikuwa mufano mukubwa wa virusi ya tumbako, kazi ya kikundi chake. Yeye hakuuona ukisimama pale. Wazee wetu wanakumbuka yale Maonyesho kwa sababu ingine: Wabeleji waliweka pia kijiji cha Wakongomani nyuma ya uzio, wageni wakawa wanawatupia ndizi, na mu mwezi wa 7 ndugu zetu wakakataa, wakarudi. Vyote viwili vilikuwa mu Maonyesho yaleyale.

Mu testamenti yake, Rosalind aliachia Klug paundi 3.000 na gari yake, kusudi ule kijana mwenye bibi na mutoto asiache kazi. Mu 1962, Watson, Crick na Wilkins walipewa Nobel. Nobel haipewi mufu, na haigawanywe kwa watu kupita watatu. Mu 1968 Watson alitosha kitabu juu ya ile habari, na ndani yake Rosalind ni mwanamuke wa hasira, wa kuvaa vibaya, mwenye hakuelewa foto yake mwenyewe. Hata jina alimubadilishia. Hakukuwa tena kujibu. Rafiki yake Anne Sayre alijibu kwa kitabu mu 1975. Klug naye alifungua madaftari yake, akaonyesha mbele ya wote, tarehe kwa tarehe, fasi gani alikuwa amefika. Kazi ya virusi yenye walianza pamoja iliendelea mu mikono ya Klug, na mu 1982 alipata Nobel ya kemia.

Leo mashini ya Ulaya yenye inatayarishwa kutembea ku sayari ya Mars imepewa jina la Rosalind Franklin. Kaburi lake liko Willesden, ku London, mu makaburi ya Wayahudi. Ku jiwe waliandika kama alikuwa mutaalamu, na kama kazi yake juu ya virusi itafaidia watu siku zote. Juu ya ADN hakuna neno.